Majumba marefu ya mbao: nguvu zake, hatari zake na masharti ya usalama

MBAO ni miongoni mwa vifaa vya kale zaidi vya ujenzi duniani. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja zilihesabiwa kuwa hazifai majengo marefu. Moto ulioteketeza sehemu kubwa ya London mwaka 1666, na ule wa Chicago mwaka 1871, uliwafanya watunga sheria za miji kuziogopa. Chuma na zege vilipoenea, mbao zikabakia kuwa za paa, milango, samani na nyumba fupi.

Hali hiyo imebadilika. Mnamo Machi 2019, katika mji mdogo wa Brumunddal nchini Norway, kando ya ziwa Mjøsa, kulikamilika jengo la Mjøstårnet lenye orofa 18 na urefu wa mita 85.4. Nguzo zake, mihimili yake na vishikizo vyake vya mshazari vyote ni vya mbao. Ndani mna hoteli, ofisi na nyumba za kukaa. Miaka mitatu baadaye jengo la Ascent, mjini Milwaukee nchini Marekani, lililipita kwa zaidi kidogo ya mita moja. Ascent lina orofa 25 na urefu wa mita 86.6, ingawa orofa zake sita za chini ni za zege.

Habari kama hizi zinapomfikia mwananchi wa kawaida, swali la kwanza analojiuliza ni moja: mtu anawezaje kulala usingizi katika orofa ya 18 ya nyumba iliyojengwa kwa kitu ambacho jikoni huitwa kuni? Swali hilo lina msingi. Wakazi wa Nairobi wanaufahamu vyema moto wa soko la Gikomba, ambao mnamo Juni 28, 2018 uliwaua watu wasiopungua 15. Wanafahamu pia jinsi vibanda vya mbao na mabati vya mitaa ya mabanda vinavyoteketea kwa muda mfupi mno.

Jibu la wahandisi halisemi kwamba mbao haziungui. Linasema kwamba mbao za majumba haya ni za aina nyingine, kwamba namna zinavyoungua inaweza kukadiriwa kwa hesabu, na kwamba usalama wake unategemea masharti kadhaa ambayo yakipuuzwa hata moja, jengo huwa hatarini.

Si mbao za kawaida

Ubao unaouzwa katika yadi za mbao una kasoro za kimaumbile: vifundo, nyufa, kupinda na unyevu usiolingana. Aidha, una nguvu nyingi kwa upande wa urefu wa nyuzi zake, lakini ni dhaifu ukivutwa au ukibanwa kwa upande wa upana. Ndiyo maana fundi huweza kuupasua kwa shoka kufuata nyuzi bila taabu, lakini hutoka jasho akijaribu kuukata kwa kukingama.

Mbao zinazoundwa kiwandani hukusudiwa kuziondoa au kuzitawanya kasoro hizo. Aina kuu ni tatu.

Ya kwanza ni boriti za gundi. Mbao nyembamba zilizokaushwa hupangwa zikielekea upande mmoja, zikapakwa gundi na kubanwa kwa mashine hadi zikawa mhimili mmoja mnene. Fundi Mjerumani Otto Hetzer wa Weimar alipata hataza ya mihimili ya aina hii iliyopinda mwaka 1906, hivyo basi ufundi wenyewe si mgeni. Nguzo za pembeni za Mjøstårnet zimeundwa hivi. Zilizo kubwa zaidi zina upana wa takriban mita 1.5 na unene wa sentimita 62.

Ya pili ni mbao za tabaka mkingamo. Hapa mbao hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likilikingama la chini yake. Tabaka huwa tatu, tano, saba au zaidi, daima idadi isiyogawika kwa mbili, ili nyuzi za upande wa juu na wa chini zielekee kumoja. Kinachopatikana ni kipande kikubwa kinachoweza kufanywa ukuta au sakafu, na ambacho kina nguvu pande zote mbili. Ufundi huu ulikuzwa katika miaka ya 1990 nchini Austria na Ujerumani. Mmoja wa waliouendeleza, Profesa Gerhard Schickhofer wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, alitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2019 kwa kazi hiyo.

Ya tatu ni mbao za maganda. Gogo huzungushwa likamenywa kama mtu anavyomenya chungwa, kisha maganda hayo membamba yakagandishwa pamoja. Ni ndugu ya plaiwudi inayojulikana sana nchini, ila tofauti ni kwamba maganda mengi huelekezwa upande mmoja ili kipande kiweze kubeba uzito mkubwa kama mhimili.

Vipande hivi hukatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, matundu ya madirisha, milango na mabomba yakiwa tayari yametobolewa. Kazi inayobakia uwanjani ni kuunganisha. Jengo la Murray Grove mjini London, lililokamilika mwaka 2009 likiwa na orofa tisa, nane kati ya hizo zikiwa za mbao za tabaka mkingamo, lilisimamishwa na maseremala wanne kwa siku 27 za kazi. Nchini Canada, mbao za bweni la wanafunzi la Brock Commons katika Chuo Kikuu cha British Columbia, lenye orofa 18, zilisimamishwa kwa muda usiozidi siku 70. Bweni hilo lilifunguliwa mwaka 2017.

Mbao nene huunguaje?

Mtu yeyote aliyewahi kuwasha moto wa kuni anajua kwamba vijiti huwaka haraka, ilhali gogo zima huweza kukaa mekoni usiku kucha na asubuhi likakutwa limeungua nje tu. Hesabu yote ya usalama wa mbao nene dhidi ya moto imejengwa juu ya jambo hilo.

Joto linapofikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi, uso wa mbao hugeuka kuwa mkaa. Mkaa huo haupitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo hulinda mbao zilizo nyuma yake. Sentimita chache tu ndani ya mkaa, mbao huwa bado nzima na zenye nguvu zake.

Kwa mujibu wa kanuni za uhandisi zinazotumika Ulaya, mbao laini zilizogandishwa kwa gundi hukadiriwa kuungua kwa takriban milimita 0.7 kwa dakika. Kwa saa mbili, yaani dakika 120, moto huwa umekula milimita 84. Wahandisi huongeza milimita saba za tahadhari kwa ajili ya mbao ambazo hazijaungua lakini zimedhoofishwa na joto, na jumla ikawa milimita 91 kila upande. Nguzo yenye unene wa milimita 625 ikishambuliwa na moto pande zote mbili itabakia na milimita 443 zilizo nzima. Iwapo mhandisi amehakikisha kwamba milimita hizo 443 zinatosha kulibeba jengo, basi watu watakuwa na muda wa kutoka na wazima moto watakuwa na muda wa kuingia.

Chuma kisichofunikwa hakina kinga kama hiyo. Ingawa hakiwaki, hupoteza takriban nusu ya nguvu zake joto linapokaribia nyuzi 600, na joto hilo hufikiwa katika moto wa kawaida wa chumba. Hii ndiyo sababu bolti, pini na bamba za chuma zinazounganisha nguzo na mihimili ya majumba ya mbao hufichwa ndani kabisa ya mbao zenyewe. Hapo, mbao ndizo zinazokilinda chuma dhidi ya moto.

Hata hivyo, hesabu hii ina mipaka yake. Mbao zilizoachwa wazi kwenye kuta na dari huongeza chakula cha moto. Samani za chumba zikishateketea, moto katika chumba cha zege hufifia kwa kukosa cha kula, lakini katika chumba cha mbao tupu huenda ukaendelea. Hatari huwa kubwa zaidi pale kuta mbili za mbao zinapotazamana, kwani kila moja huirushia nyingine joto.

Kwa sababu hiyo wabunifu wengi huzifunika mbao kwa vibao vya jipsamu, ambavyo haviwaki. Bweni la Brock Commons lilifunikwa hivyo karibu kote, na wanafunzi wanaolala humo hawazioni mbao zinazowabeba. Kinga ya pili ni vinyunyizio vya maji vinavyojifungua vyenyewe joto linapopanda. Katika majaribio matano yaliyofanyiwa Marekani mwaka 2017, kwenye maabara ya serikali huko Beltsville, Maryland, vyumba vya mbao za tabaka mkingamo viliwashwa moto kwa makusudi. Kinyunyizio kilipofanya kazi mapema, moto ulidhibitiwa hata pale mbao zilipokuwa wazi kabisa.

Gundi ndiyo roho

Kwa kuwa vipande hivi vimeshikanishwa kwa gundi, ubora wa gundi ni jambo la kufa na kupona. Ilibainika katika majaribio ya awali kwamba baadhi ya gundi zilikuwa zikilegea kwa joto kabla moto haujaufikia mshikano wenyewe. Tabaka la nje lililoungua lilidondoka pamoja na mkaa wake, na tabaka jipya lisilo na kinga likaachwa wazi mbele ya moto. Moto uliokuwa umeanza kufifia ukapata nguvu upya.

Kutokana na matokeo hayo, kiwango cha kiufundi kinachotumika Marekani na Canada kwa mbao za tabaka mkingamo kilirekebishwa mwaka 2018. Tangu hapo gundi hutakiwa kuthibitishwa kwa jaribio la moto kwamba haitaachia tabaka kabla ya wakati.

Mwaka huo huo wa 2018 kulitokea funzo jingine ambalo halikuhusu moto hata kidogo. Katika jengo lililokuwa likijengwa kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, sehemu ya kipande cha sakafu ilibanduka mnamo Machi na kuangukia orofa ya chini. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiwandani mbao zilikuwa zimepashwa joto, hivyo gundi ikaanza kukauka kabla mbao hazijabanwa. Kwa nje kipande kilionekana kizima, kumbe ndani hakikushikana. Vipande vingine vingi vilikaguliwa, na vilivyoshukiwa vikabadilishwa.

Mkasa huo unaeleza kwa nini ununuzi wa mbao hizi si sawa na ununuzi wa mbao za yadini. Mnunuzi hawezi kuona gundi. Anachoweza kutegemea ni cheti, kumbukumbu za kiwanda na ukaguzi wa mtu asiyekuwa na maslahi katika biashara hiyo.

Hatari ya wakati wa ujenzi

Jengo la mbao huwa hatarini zaidi kabla halijamalizika. Katika kipindi hicho vibao vya jipsamu bado havijapigwa, vinyunyizio bado havina maji, milango ya kuzuia moto bado haijatiwa na mafundi wanafanya kazi zinazotoa cheche. Mnamo Septemba 2014 maabara mpya ya Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, iliyokuwa ikijengwa kwa mbao, iliteketea ikiwa imefikia hatua ya mwisho mwisho. Ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2017.

Hivi leo miradi mingi hutakiwa kufuata utaratibu wa kufunika orofa za chini kadiri za juu zinavyopanda, kuweka mabomba ya maji ya wazima moto mapema na kuwa na walinzi wa moto usiku na mchana.

Maji, kuvu na mchwa

Moto huwatisha wengi, lakini adui wa kudumu wa mbao ni maji. Mbao za majengo haya hutoka kiwandani zikiwa na unyevu wa takriban asilimia 12. Unyevu ukizidi asilimia 20 na kukaa hivyo kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota na mbao huanza kuoza. Bomba linalovuja polepole nyuma ya ukuta wa bafu huweza kufanya uharibifu kwa miaka mingi pasipo mtu kulishuku.

Kinga zake ni za busara ya kawaida. Mbao hazigusi ardhi. Jengo huanzia juu ya msingi wa zege, na mara nyingi orofa nzima ya chini huwa ya zege. Paa huwahishwa. Ukuta wa nje hufunikwa kwa namna inayoruhusu hewa kupita ili unyevu utoke. Baadhi ya majengo huwekewa vipimo vya unyevu ndani ya sakafu za mabafu na jikoni.

Katika nchi za joto kuna adui wa ziada, naye ni mchwa. Nchi za kaskazini ya Ulaya ambako majumba haya yameshamiri hazina tatizo hilo. Kwa hiyo yeyote atakayetaka kuuleta ufundi huu Mombasa, Kisumu au Dar es Salaam atalazimika kuongeza kinga katika ardhi, kuzitia mbao dawa na kuacha nafasi za ukaguzi mahali ambapo msanifu wa Norway hana haja ya kuziacha.

Upepo na tetemeko la ardhi

Zege ina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo, ilhali mbao za msonobari wa Ulaya zina kilo zisizozidi 500. Wepesi huo ni neema na pia ni mzigo.

Ni neema wakati wa tetemeko la ardhi, kwa kuwa kadiri jengo linavyokuwa zito ndivyo nguvu zinazolisukuma zinavyoongezeka. Mahekalu ya kale ya bara Asia yanalithibitisha hilo. Mnara wa mbao wa Yingxian nchini China, wenye urefu wa mita 67, umesimama tangu mwaka 1056 licha ya mitetemeko kadhaa. Katika siku zetu, jengo la majaribio la orofa saba liliwekwa mwaka 2007 juu ya jukwaa la kutikisa huko Miki, Japani, likatikiswa kwa nguvu za tetemeko la Kobe la 1995 na likabakia wima bila uharibifu mkubwa. Mwaka 2023 jengo jingine la mbao, la orofa 10, lilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Liliigiziwa tetemeko la Northridge la 1994 lililokuwa na ukubwa wa 6.7, na lile la Chi-Chi, Taiwan, la 1999 lenye ukubwa wa 7.7. Kuta zake zilibuniwa ziyumbe na kurudi mahali pake, na ndivyo zilivyofanya.

Wepesi huwa mzigo upepo unapovuma. Jengo jepesi na refu huyumba zaidi, na ingawa haliwezi kuanguka kwa ajili hiyo, wakazi wa juu huweza kupata kichefuchefu. Wabunifu wa Mjøstårnet walilitatua tatizo hilo kwa kuziwekea orofa saba za juu sakafu za zege, ili uzito utulize mwendo. Majengo mengine, likiwemo Ascent na Brock Commons, hutumia minara ya zege kwa lifti na ngazi, na minara hiyo ndiyo inayolishikilia jengo dhidi ya upepo. Kwa hakika, mengi ya majumba yanayosifiwa kuwa ya mbao ni machanganyiko ya mbao, zege na chuma, na hakuna aibu katika hilo.

Funzo la daraja la Tretten

Mnamo Agosti 15, 2022 daraja la mbao za gundi katika kijiji cha Tretten, Norway, liliporomoka asubuhi likiwa na lori na gari dogo juu yake. Madereva wote wawili waliokolewa. Daraja hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 2012, hivyo basi lilikuwa na umri wa miaka 10 pekee. Halikuwa limeoza wala kuungua. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbao zilichanika kwenye kiungo, pale pini za chuma zilipozishika. Kipande kizima cha mbao kiling'oka pamoja na safu ya pini zake. Madaraja mengine ya aina hiyo yalifungwa kwa muda yakaguliwe.

Daraja si nyumba, na mizigo inayobebwa na lori si sawa na ile ya vitanda na meza. Lakini ufundi wa kuunganisha, yaani bamba za chuma zilizopenyezwa ndani ya mbao na kushikwa kwa pini, ni wa jamii moja na ule unaotumika katika majumba marefu. Wahandisi wanafahamu kwamba mbao ni mara chache huvunjika katikati. Huvunjika kwenye viungo. Ndiko hesabu zinakotakiwa kurudiwa mara mbili, na mhandisi wa pili asiye wa kampuni ile ile.

Sheria zinasemaje?

Kanuni za ujenzi zinazoigwa na majimbo mengi ya Marekani zilibadilishwa katika toleo la 2021 ili kuruhusu majengo ya mbao nene ya hadi orofa 18. Ruhusa hiyo ina ngazi tatu. Jengo la orofa tisa huruhusiwa kuacha sehemu kubwa ya mbao wazi. La orofa 12 huruhusiwa kuacha baadhi tu, ingawa toleo la 2024 lilipanua ruhusa hiyo kwa upande wa dari. La orofa 18 hutakiwa kufunika mbao zote, na nguzo zake kuu zistahimili moto kwa saa tatu. Yote hutakiwa kuwa na vinyunyizio, na katika ngazi mbili za juu, jengo linalopita takriban mita 37 lazima lipate maji kutoka mabomba makuu mawili. Ascent, kwa kuwa lilizidi kipimo hicho, lilihitaji kibali maalumu cha mji wa Milwaukee baada ya nguzo za mbao kujaribiwa kwa moto katika maabara ya serikali ya mazao ya misitu mjini Madison.

Uingereza ilielekea upande wa pili. Baada ya moto wa jumba la Grenfell mjini London mnamo Juni 14, 2017, uliowaua watu 72, serikali ilipiga marufuku kuanzia Desemba 2018 vifaa vinavyowaka katika kuta za nje za majengo ya makazi yanayozidi mita 18. Jumba la Grenfell lilikuwa la zege. Kilichoeneza moto ni vibao vya aluminiamu vyenye plastiki ndani vilivyobandikwa kwa nje. Hata hivyo, marufuku hiyo iligusa pia kuta za nje za mbao za tabaka mkingamo.

Kwa nini basi watu wahangaike?

Sababu kubwa ni hali ya anga. Utengenezaji wa saruji hukadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Mti, kinyume chake, huivuta gesi hiyo unapokua. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na mita moja ya ujazo ya mbao za msonobari huhifadhi kiasi kinacholingana na kilo 700 hadi 900 za gesi hiyo, almuradi mbao zisioze wala kuungua.

Neno "almuradi" ndilo lenye uzito. Faida hiyo hupotea iwapo msitu uliokatwa haupandwi tena, au jengo likibomolewa na mbao zake kuchomwa. Isitoshe, mbao zilizosafirishwa maelfu ya kilomita kwa meli na lori hubeba deni la mafuta yaliyochomwa njiani.

Afrika Mashariki

Pwani ya Waswahili haikuwa ngeni kwa uhandisi wa mbao. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio ulioamua upana wa vyumba, ambao kwa kawaida haukuzidi mita tatu hivi. Boriti za gundi zingewaondolea wajenzi wale kikwazo hicho.

Mnamo Oktoba 2021 ulitangazwa mpango wa kujenga Fumba, Zanzibar, jumba la mbao na zege la orofa 28 lililokusudiwa kufika mita 96. Tangazo hilo lilizusha mjadala kuhusu iwapo kanda hii iko tayari.

Nchini Kenya, malighafi haikosekani kabisa. Misaipresi, mipaina na mikaratusi hupandwa kwa ajili ya mbao, ingawa ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa Februari 2018, na tangazo la Rais William Ruto la kuondoa marufuku hiyo Julai 2023 likazua ubishi mkali. Pengo kubwa zaidi liko katika viwanda, maabara na ukaguzi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilichukua nafasi ya zile zilizotumika tangu 1968, lakini kanuni ni karatasi pasipo mkaguzi anayefika uwanjani.

Ukweli huo haubagui kifaa. Jengo lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016 na kuwaua takriban watu 50 halikuwa la mbao. Lilikuwa la mawe na zege, vifaa ambavyo kila mtu huviamini. Halikuwa na kibali, na lilikuwa limejengwa kando ya mto.

Kwa hivyo, mtu atakayealikwa siku moja kununua au kukodi nyumba katika jumba la mbao ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Mbao zimetoka kiwanda gani, na cheti cha gundi yake kiko wapi? Nguzo zimehesabiwa kustahimili moto kwa dakika ngapi, na nani amezihakiki hesabu hizo pamoja na viungo? Vinyunyizio vina tangi lake lenyewe, au vinategemea bomba la mtaa ambalo hukauka mara kwa mara? Ardhi imetiwa dawa ya mchwa, na ni nani atakayekagua unyevu mwaka wa tano na wa kumi? Muuzaji akiyajibu yote kwa hati mkononi, orofa ya 18 ya mbao huenda ikawa salama kuliko orofa ya nne ya zege isiyo na kibali. Akishindwa kulijibu hata moja, mnunuzi hana budi kushika njia yake.